Programu za baada ya masomo kwa watoto wa kaya maskini: pesa ya umma inamfikia nani hasa?

Kengele ya Mwisho (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka ashuke moja kwa moja kwenye michango.

Kila bajeti ya elimu ikisomwa, popote pale, hakosi waziri wa kutangaza fungu la programu za baada ya masomo kwa watoto wa kaya maskini: muziki, michezo, sayansi ya vitendo, uchoraji, kompyuta, usaidizi wa kazi za nyumbani. Wapinzani wanasema pesa ni kidogo, serikali inasema haijawahi kutolewa nyingi kiasi hiki, na mjadala unaishia hapo. Naona tunagombania jambo la pili. La kwanza ni kujua saa kumi jioni, katika kile chumba kilicholipiwa na umma, wamekaa watoto gani.

Kwanza, kwa nini serikali ijiingize kwenye saa hizo? Kwa sababu wenye nacho walishajiingiza zamani. Watafiti Greg Duncan na Richard Murnane walipiga hesabu ya kile familia za Marekani zinachotumia kumuongezea mtoto maarifa nje ya shule ya kawaida: masomo ya muziki, kambi za likizo, kompyuta, safari, hata ada za shule binafsi. Mwaka 1972–73, familia za moja ya tano ya chini kwa kipato zilitumia dola 835 kwa mtoto kwa mwaka, na za moja ya tano ya juu dola 3,536. Kufika 2005–06 wa chini walikuwa kwenye dola 1,315 na wa juu dola 8,872, yote kwa thamani ya dola ya 2008. Pengo la mara nne likawa karibu mara saba. Wote wanasoma saa zile zile darasani, kinachowatenganisha kinatokea baada ya kengele.

Kwa hiyo hoja ya kuweka pesa ya umma hapo ninaiunga mkono kwa mikono miwili. Tatizo linaanza pesa ikishatoka.

Chukueni Venezuela. Mwaka 1975 José Antonio Abreu, mwanamuziki aliyekuwa pia mchumi, alianzisha mtandao wa okestra za watoto unaojulikana kama El Sistema. Serikali moja ikaondoka, nyingine ikaja, zote zikaendelea kuulipia, na nchi nyingi zikauiga. Masomo bure. Hatimaye watafiti wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika wakaufanyia jaribio la kura ya bahati nasibu, vituo 16, watoto karibu 2,900. Wakakuta kwamba kati ya watoto walioomba nafasi, waliotoka kaya maskini walikuwa asilimia 16.7. Katika majimbo wanamoishi, watoto wa rika hilo walio maskini walikuwa asilimia 46.5. Kinachouma zaidi ni kwamba faida ya programu, hasa kujidhibiti na kupungua kwa matatizo ya tabia, ilionekana zaidi kwa watoto walio kwenye mazingira magumu. Yaani waliokuwa wachache chumbani ndio chumba kilikuwa kinawafaa kuliko wote.

Hakuna aliyewafukuza maskini mlangoni. Hawakufika tu.

Marekani nako, chini ya sheria ya No Child Left Behind, wanafunzi wa kipato cha chini katika shule zilizoshindwa kufikia viwango walistahili twisheni ya bure, serikali inalipa. Ofisi ya ukaguzi ya bunge lao ilikuta mwaka wa masomo 2004–05 waliojitokeza ni 19 katika kila 100 waliostahili. Na hapo kilikuwa kimepanda, mwaka uliotangulia ni 12.

Nimewahi kukaa upande wa uratibu wa programu kama hizi, na nawaambia mchujo unaanzia kwenye karatasi. Fomu yetu ilikuwa na kurasa nne. Ukurasa wa pili ulidai uthibitisho wa kipato, wa tatu ulidai mlezi aje kusaini mbele ya mwalimu mkuu, saa za kazi. Kwa mlezi anayelipwa kwa kutwa, siku ya kuja kusaini ni siku isiyo na ujira. Fomu zilizowahi zilikuwa safi, wino mmoja, viambatanisho vimebanwa pembeni. Za wale tuliokuwa tunawatafuta zilifika zimekunjwa mara nne, mahali pa kipato hapajajazwa, na nafasi zilikuwa zimekwisha. Kwenye ripoti tukaandika "nafasi zote zimejazwa", na wakubwa wakafurahi.

Naomba kuwasilisha. Karibuni tukosoane.

Mpita Njia 7

Uzi una nyama huu. Naweka kiti.

Hesabu Kali

Mkuu umeandika vizuri, ila umeukwepa mfupa. Unauliza nani yuko chumbani, mimi nauliza: akishaingia, anapata nini?

Marekani wana mpango wa shirikisho, 21st Century Community Learning Centers, uliowekwa kwenye sheria mwaka 1994. Mwaka 1998 ulikuwa na dola milioni 40. Kufika 2002 ulishagonga dola bilioni 1. Nitajieni mpango mwingine wa elimu uliokua kwa kasi hiyo. Serikali yao ikaagiza tathmini ya kitaifa. Ripoti ya kwanza ikatoka 2003: kwenye masomo, athari ni ndogo mno. Ripoti ya mwisho, 2005, ikawatazama watoto wa shule za msingi: walijisikia salama zaidi baada ya masomo, hilo wapewe, lakini alama hazikutofautiana na za wenzao wasioingia, na adhabu za kusimamishwa shule ziliongezeka kwa walioingia. Tena watoto hao wa shule za msingi walipangwa kwa bahati nasibu, kwa hiyo msiniambie walichaguliwa watundu.

Utawala wa Bush ukapendekeza fungu likatwe hadi milioni 600. Aliyekwenda Seneti kulitetea ni Arnold Schwarzenegger, yule mwigizaji wa filamu, kabla hajawa gavana wa California. Bunge likaliacha kwenye bilioni 1 hivi hivi. Leo liko karibu bilioni 1.3. Hapo sera iliamuliwa na takwimu au na misuli?

Brazili nao walikuwa na Mais Educação kuanzia 2007. Mtoto akae shule saa 7 kwa siku, kipaumbele shule zenye alama duni na zile zenye watoto wengi wa kaya za Bolsa Família, ule mpango wa serikali wa kuwapa maskini ruzuku ya pesa. Yaani walengwa walikuwa sahihi kabisa, kama unavyotaka wewe. Tathmini zikasema nini? Alama hazikupanda, na hesabu mwanzoni ilishuka. Mwaka 2016 wakaugeuza ukawa Novo Mais Educação, Kireno na hesabu mbele.

Sipingi watoto kucheza. Napinga kuita mchezo elimu ili upate bajeti ya elimu.

Mama wa Watatu

Asante Hesabu Kali kwa kusema ninachokiona nyumbani. Mwanangu wa kati alikuwa kwenye programu ya bure. Akirudi namuuliza leo mmefanya nini, tumecheza ngoma, tumetengeneza vinyago vya karatasi. Sawa, ila mtihani hauulizi ngoma. Wenzake ambao wazazi wao wana uwezo wako twisheni ya hesabu saa hiyo hiyo. Naombeni mnieleweshe, mbona mtoto wa maskini ndiye apewe ngoma na wa tajiri apewe hesabu?

Kengele ya Mwisho

Nianze na Mama wa Watatu, maana swali lake ni zito kuliko yote humu. Dada, mtoto wa tajiri anapewa vyote viwili. Rudi kwenye zile dola 8,872, humo mna piano na kambi na safari, pamoja na kila kitu kingine. Tatizo la programu ya bure ni kwamba inamlazimisha maskini achague. Na hasira yako juu ya vinyago naielewa. Kuna uchoraji unaofundishwa na kuna watoto kupewa karatasi ili muda upite, mzazi anaona tofauti kwa macho yake.

Sasa Hesabu Kali. Ripoti hiyo naifahamu, na ndiyo inayonipa hoja. Umesoma mahudhurio? Watoto wa shule za kati, zile zilizo kati ya msingi na sekondari, kwa wastani walihudhuria siku 32 hivi kwa mwaka mzima. Wa msingi kama siku 58. Mwaka wao wa shule una siku 180 hivi. Ukimpa mgonjwa kidonge kimoja kati ya sita kisha ukapima homa, majibu utakayoyapata yanahusu umezaji, dawa hujaipima bado.

Na "programu ya baada ya masomo" siyo kitu kimoja. Joseph Durlak na wenzake walikusanya tathmini nyingi za programu zinazolenga stadi za mtoto binafsi na za kijamii, wakazichapisha 2010. Zikagawanyika vizuri. Zile ambazo mafunzo yanafuatana kwa hatua, mtoto anafanya mwenyewe badala ya kusikiliza, muda umetengwa kwa stadi husika, na stadi yenyewe imetajwa wazi, zilileta mabadiliko ya tabia na hata ya masomo. Zilizokosa mambo hayo hazikuleta kitu. Ukizichanganya zote kwenye sufuria moja unapata wastani wa uvuguvugu, halafu mtu anasimama bungeni nao.

Brazili nakubali kwamba walengwa walikuwa sahihi. Lakini wengi wa waliokuwa wakiwashika watoto zile saa za nyongeza walikuwa watu wa kujitolea wanaorudishiwa nauli na chakula, na shule nyingi hazikuwa na mahali pa kuwaweka. Muda uliongezwa kabla ya watu na vyumba.

Mwalimu wa Zamu

Nyote mnaongea kama hakuna mtu anayebaki kufunga milango. Mtu huyo ni mimi.

Kuhusu watoto kusimamishwa shule, Hesabu Kali, mtoto anayebaki shuleni saa mbili zaidi ana saa mbili zaidi za kuandikwa kwenye kitabu cha makosa. Mwenzake aliyekwenda zake akavunja kioo mtaani hakuna anayemuandika. Sisemi ndiyo sababu pekee, nasema mkae na hilo kabla hamjahitimisha kwamba programu inaharibu watoto. Huko huko Marekani takwimu za haki za vijana zinaonyesha kwamba siku za shule, makosa ya vurugu yanayofanywa na vijana hupanda kileleni saa tisa alasiri, pale kengele inapolia. Hiyo nayo ni hesabu.

Sasa niwape ya kwangu. Nina kundi la umeme mdogo: betri, nyaya, balbu, swichi. Kuna binti, mwepesi kuliko wote, anayeweza kutafuta hitilafu kwa kufuata waya na kidole kabla wenzake hawajaelewa swali. Alikuwa anakuja siku mbili, siku tatu haonekani. Kumbe saa hiyo ndiye wa kumchukua mdogo wake na kukaa naye hadi mama arudi. Nikamwambia aje naye. Akawa anamkalisha chini ya dirisha, namkabidhi yule mdogo balbu iliyoungua achezee, na binti akaacha kukosa.

Akaja mkaguzi wa programu. Akahesabu vichwa, akalinganisha na orodha, akauliza huyu wa chini ya dirisha ni nani. Nikamweleza. Akaandika: "Mtoto asiyesajiliwa yupo katika eneo la programu, aondolewe." Nikamwambia mkubwa wangu, nikimtoa mdogo nimewatoa wawili. Akasema mwongozo hauna kipengele hicho. Kwenye hesabu zake nilikuwa na mtoto mmoja zaidi, na bado lilikuwa kosa.

Posho yetu ya saa za ziada, tuliambiwa inakuja. Hilo tuliache.

Mpita Njia 7

Mwalimu hapo kwa mkaguzi umenifunga mdomo.

Msafiri wa Mbali

Niko masomoni Korea Kusini, niongezee. Hapa shule za baada ya masomo zilipangwa upya mwaka 2006, na sababu haikuwa huruma pekee. Wazazi walikuwa wanakamuliwa na hagwon, vile vituo binafsi vya twisheni, hadi Seoul ikabidi iweke sheria vifungwe saa nne usiku. Serikali ikaona, ikiweka vipindi vya bei nafuu ndani ya shule, kuanzia hesabu hadi violini, itapunguza mzigo. Watoto wa kipato cha chini wakapewa vocha ya kuchagua vipindi wanavyotaka bila kulipa.

Mama wa Watatu, jibu lako kwa kiasi liko hapo. Mtoto anachagua. Anaweza kushika hesabu na ngoma.

Mwaka 2024 wakaja na mpango unaoitwa Nulbom, ulioanza na darasa la kwanza na kufika shule zote za msingi nusu ya pili ya mwaka huo. Mtoto wa darasa la kwanza anapata saa mbili za shughuli kwa siku bila malipo, na anaweza kuangaliwa hadi saa mbili usiku. Hauulizi kipato cha mzazi. Vyama vya walimu vilipiga kelele, na madai yao yanafanana na ya Mwalimu wa Zamu: kazi imeongezwa, watu hawajaongezwa.

Nilikuwa Kwenye Orodha

Sichangii mara nyingi, ila hapa pananihusu. Nililelewa na bibi, na nilikuwa mnufaika.

Majina yetu yalikuwa yanasomwa kwenye mstari wa asubuhi. "Wafuatao wabaki leo." Hawakusema wafuatao ni maskini, hawakuhitaji kusema, shule nzima ilikuwa inajua. Kulikuwa na kompyuta nzuri kuliko za darasani, kweli, na mwalimu alikuwa mtu mwema. Ila kuna wenzangu walikuwa wanatoka nje kwa mlango wa nyuma ili wasionekane wamebaki, na kuna mmoja alimuomba mama yake aandike barua kwamba hahitaji. Alikuwa anahitaji kuliko mimi.

Mkisema "walengwa hawafiki", msifikiri siku zote ni nauli au fomu. Kuna mtoto wa miaka 12 ambaye yuko tayari kukosa kompyuta ili asisomwe jina.

Mimi nilibaki kwa sababu bibi hakuwa na habari na aibu za mtoto. Sasa hivi kazi yangu ni ya kompyuta, kwa hiyo sitasema programu haifai. Ila ule usomaji wa majina haukuwa na ulazima.

Mzee wa Bajeti

Kijana, pole na hongera kwa pamoja. Umegusa fundo ambalo sisi wa mahesabu tunalizunguka miaka yote. Ukimlenga mtoto mmoja mmoja, pesa inatosha lakini unampiga chapa. Ukifungua kwa wote, aibu inaisha lakini pesa inapanuka na wenye uwezo wanawahi viti.

Kuna njia ya katikati ambayo naipenda zaidi: lenga shule, usimlenge mtoto. California walifanya hivyo. Novemba 2002 wananchi wakapiga kura na kupitisha Pendekezo la 49 la kulipia programu za baada ya masomo, na aliyekuwa mbele ni yule yule Schwarzenegger. Kipaumbele kinakwenda kwenye shule ambazo angalau nusu ya wanafunzi wanastahili chakula cha bure au cha nafuu. Mtoto yeyote wa shule hiyo anaweza kuingia, hakuna jina linalosomwa. Mtu mzima mmoja kwa watoto wasiozidi 20. Hong Kong wao kuanzia 2005 ruzuku inahesabiwa kwa watoto wanaopokea msaada wa umma au ruzuku kamili ya masomo, ila shule inaachiwa nafasi kadhaa za hiari iwaingize wahitaji wengine ambao karatasi hazijawatambua. Kwa programu ya Mwalimu wa Zamu, nafasi hizo zingekuwa dawa.

Ila California wana somo lingine, na hili ndilo linanikera. Pesa ilifungwa kisheria, dola milioni 550 kwa mwaka, hakuna mwanasiasa wa kuigusa. Watu walishangilia. Ikaanza kutoka kikamilifu 2006–07, na kwa miaka kama kumi ikabaki hapo hapo. Dola 7.50 kwa mtoto kwa siku, huku kima cha chini cha mshahara kikipanda. Waendeshaji wakawa wanapunguza kile kisichoonekana: saa za maandalizi, mafunzo ya wasimamizi, vifaa. Mlango unabaki wazi, idadi inabaki ile ile, kilichomo ndani kinakonda. Nyongeza ya milioni 50 ilikuja 2017, tena baada ya kusukumana sana. Mkidai sheria ya kulinda pesa, daini na kipengele cha kuipandisha gharama zikipanda.

Uingereza nao, baada ya korona, walikuja na mpango wa kitaifa wa twisheni mwaka 2020. Kwa twisheni iliyopangwa na shule zenyewe, serikali ikawa inalipa asilimia 75 ya gharama 2021–22, kisha 60, kisha 50, shule ijazie kutoka mfuko wake. Agosti 2024 mpango ukafungwa. Shule maskini ndizo zenye shida ya kujazia. Na lile lengo la kwamba asilimia 65 ya watakaofundishwa wawe wa kaya zenye uhitaji liliondolewa njiani, mwaka 2022. Ukiondoa lengo huwezi tena kushindwa kulifikia, ujanja mzuri sana.

Wajerumani wamekwenda mbali zaidi. Kwa sheria ya 2021, kuanzia Agosti 2026 mtoto wa darasa la kwanza ana haki kisheria ya kuangaliwa saa nane kwa siku tano za wiki, vipindi vya darasani vikiwemo, na haki hiyo inapanda darasa moja kila mwaka hadi la nne mwaka 2029. Wao hawaiiti msaada kwa maskini, ni haki ya kila mtoto. Sasa tuone kama watapata watu wa kuwaajiri.

Hesabu Kali

Mzee, hapo kwenye kulenga shule nakubali. Na Kengele, hoja ya mahudhurio imeniingia, ila ina mlango wa nyuma. Ukisema "programu haikufanya kazi kwa sababu watoto hawakuja", basi hakuna matokeo mabaya yatakayokushinda kamwe. Kutokuja nako ni matokeo. Mtoto wa miaka 14 asipokuja siku tano kati ya sita, labda amekuhukumu.

Kengele ya Mwisho

Nakubali, kutokuja ni hukumu. Ndiyo maana nataka iandikwe na ihesabiwe, isifichwe ndani ya wastani.

Na kwa vijana wa umri huo kuna sababu ambayo watoto wadogo hawana: saa hizo zina thamani ya pesa. Kijana wa kaya maskini akibaki shuleni kuna kibarua amekikosa. Chicago wana After School Matters, iliyoanzishwa na Maggie Daley, mke wa meya wa wakati huo, na inaendeshwa kwa sehemu kwa pesa za umma. Wanawachukua vijana wa sekondari, wanawaweka chini ya fundi au msanii kama wanagenzi, na wanawalipa posho. Kuna watu wanachukia wazo la kumlipa mtoto ajifunze. Mimi nauliza tu, mkufunzi analipwa, mratibu analipwa, mkaguzi wa Mwalimu wa Zamu analipwa, kwa nini anayetoa kipato cha familia yake ili aje awe ndiye pekee wa kujitolea?

Mama wa Watatu

Hapo kwenye posho sina pingamizi 😂

Swali moja la mwisho kwa Kengele. Sisi wazazi tukiitwa kwenye kikao cha shule na kuambiwa programu imeletwa, tuulize nini? Maana huwa tunapiga makofi tunarudi nyumbani.

Kengele ya Mwisho

Dada, ombeni kuona daftari la mahudhurio, kabla ya bajeti na kabla ya picha za uzinduzi. Jumla ya waliosajiliwa haiwasaidii kitu. Mnataka kuona mtoto mmoja mmoja kaja siku ngapi, na nani alikuja mwanzoni akapotea. Majina yanaweza kufichwa kwa namba, si lazima mjue ni mtoto wa nani. Kisha ulizeni aliyepotea alitafutwa na nani, na akasema nini. Kama hakuna mwenye kazi hiyo, hapo mmeshajua programu itakuwaje kufika mwisho wa mwaka. Hata kama kuna mwalimu mzuri.

Halafu ulizeni anayefundisha ameajiriwa kwa muda gani. Msimamizi anayebadilika kila muhula hawezi kujua kwamba fulani ana mdogo wa kumchukua.

Fomu nayo ibaki ukurasa mmoja. Kama shule tayari ina orodha ya wanaopata msaada mwingine wa serikali, itumike hiyo hiyo ofisini kimyakimya, mlezi asidaiwe kuthibitisha umaskini wake mara ya pili. Na jina la mtoto lisisomwe mstarini.

Mwalimu wa Zamu

Mkuu, mwongozo wetu unafanyiwa marekebisho na tumeambiwa tulete maoni kwa maandishi. Nisaidie maneno ya kile kipengele cha wadogo, mimi nikiandika linakuwa lalamiko.

Kengele ya Mwisho

Jaribu hivi: "Mwanafunzi aliyesajiliwa mwenye jukumu la kumwangalia mdogo wake anaruhusiwa kuja naye. Mdogo huyo ataandikwa katika daftari kama mgeni wa programu, atahesabiwa katika uwiano wa watu wazima na watoto, na hatachukua nafasi ya mwanafunzi mwingine."

Hapo kwenye uwiano usilegeze, watakutega nalo. Ukilitaja mwenyewe wanakosa sababu ya usalama.

Mzee wa Bajeti

Ongeza na mstari wa gharama, mwalimu. Bila huo wataandika "maoni yamepokelewa" na kufunga faili. Wageni wakizidi idadi fulani kwa kila kundi, aongezwe msaidizi mmoja, alipwe kutoka fungu lile lile la uendeshaji. Idadi ipendekeze wewe, ndiye unayekijua chumba.

Mwalimu wa Zamu

Nimechukua vyote viwili. Kwa chumba changu ni wanne, wakizidi hapo betri zinaanza kuingia midomoni. Nawasilisha Jumatatu.